Jina la yaya kwenye bahasha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, na naomba mapema uniwie radhi kwa urefu. Wiki mbili zilizopita msomaji mwenzangu aliandika humu akilalamikia makasha ya vitabu vya msaada yanayofika kwenye maktaba za shule zetu. Alisema amekuta rafu nzima ya riwaya za wanawake wa Kihindi walioolewa Marekani na Uingereza. Wanawake hao, alisema, wana friji, wana bomba la maji moto, wana gari mlangoni, na bado wanalia upweke, wakati mtoto wa Kigoma anaamka saa kumi alfajiri kupanga foleni ya ndoo. Akauliza vitabu hivyo vinatuhusu nini.

Ni swali la haki. Nimefundisha fasihi ya Kiingereza kwa wasichana wa kidato cha tano na cha sita hapa mkoani kwa miaka 34, hadi nilipostaafu mwaka 2018, na swali hilo nimeulizwa na wanafunzi, na wazazi, na hata na mkuu wa shule mmoja aliyetaka rafu hiyo ipishe vitabu vya fizikia. Jibu langu sikulipata chuoni. Nililipata uwani, nyuma ya duka moja la Kigoma mjini, kwa sababu mama yangu alikuwa yaya wa nyumba ile.

Mama aliingia kazini mwaka 1956, akiwa na miaka 20. Nyumba ilikuwa ya ghorofa moja kwenye barabara inayopanda kutoka stesheni, ile yenye miembe. Chini duka, juu familia, uwani sisi. Dukani ziliuzwa khanga, mafuta ya taa, chumvi ya Uvinza, nyavu na karabai za wavuvi wa dagaa. Mke wa mwenye duka tulimwita Bai, kama walivyomwita watu wa kwao. Alimzidi mama miaka mitatu tu.

Bai alikuja mwaka 1951, bibi harusi wa miaka 18 kutoka Kathiawar, Gujarat. Mumewe alikuwa amemuona kwenye picha. Alipanda meli ya Karanja kutoka Bombay mpaka Dar es Salaam, kisha garimoshi, zaidi ya kilometa 1,200, hadi reli inapoishia. Reli hiyo ilifika Kigoma mwaka 1914, na Wahindi walikuwa wameshatangulia bara zamani kabla yake: Tabora ilikuwa na Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Kihindi, enzi za misafara ya pembe. Yeye ameandikwa, na wanaume wenzake wa biashara wameandikwa. Wake zao nimewatafuta sana vitabuni.

Miaka mingi baadaye Bai alimsimulia mama kwamba aliposhuka kwenye behewa na kuona ziwa, alidhani ni bahari ileile aliyoivuka. Akajipa moyo kwamba siku akichoka atashuka pale chini, apande meli, arudi kwa mama yake. Alikaa na wazo hilo karibu mwezi mzima. Siku moja akamuuliza mumewe ile milima ya bluu inayoonekana asubuhi ng'ambo ni wapi, akajibiwa ni Kongo. Alisema siku ile ndipo alipofika Kigoma.

Kiswahili alijifunza jikoni. Mama alimfundisha majina ya vitu kwa kumwekea mkononi: hiki kitunguu, huu mwiko, hizi kuni mbichi hazitawaka. Kabla ya Kiswahili alikuwa ameshajua neno moja la Kiha, "mwakeye", aliloliokota kwa wanawake wa mawese waliopita asubuhi na madebe kichwani. Naye alimfundisha mama kusukuma chapati mpaka inazunguka yenyewe juu ya kibao bila kuguswa. Nami nimefundishwa na mama. Migebuka ya mawese waliipika kwa siri, siku ambazo mama mkwe wa Bai amekwenda kusali, kwa kuwa yule bibi mzee hakutaka harufu ya mawese ipande ngazi. Walikula haraka, madirisha wazi, Bai akiwa amesimama mlangoni kusikiliza hatua.

Hayo ndiyo mazuri, nayo ni kweli. Na hili nalo ni kweli: mama yangu alikuwa na sahani yake, ya bati, yenye mdomo wa bluu, iliyokaa chini ya beseni la kuoshea vyombo. Haikuchanganywa na nyingine kwa miaka 17. Hata siku za migebuka ya siri, mama alikula kwenye sahani ile. Bai naye alikula wa mwisho, baada ya mume, baada ya mashemeji, baada ya mama mkwe, chini, jikoni. Wanawake wawili wakila jikoni pamoja, na sahani mbili.

Sasa nirudi kwenye rafu ya vitabu.

The Namesake ya Jhumpa Lahiri ilitoka mwaka 2003. Inaanza mwaka 1968 na mwanamke mjamzito anayeitwa Ashima, Mbengali, jikoni kwake karibu na Boston. Ana hamu ya kitu cha kutafuna kinachouzwa barabarani Calcutta. Hakipati. Anachukua bisi za mchele za kwenye boksi, Rice Krispies, anachanganya na karanga za kopo na kitunguu chekundu, anatia chumvi, ndimu na pilipili mbichi, na anatamani angepata japo mafuta ya haradali. Niliposoma ukurasa huo darasani kwa mara ya kwanza, msichana mmoja aliyekaa nyuma alinyoosha mkono. Mama yake alivuka ziwa kutoka Burundi akiwa msichana. Akasema, "Mwalimu, mama hufanya hivyo na ndizi za hapa, halafu anasema hazijaiva kama za kwetu, na zimeiva."

Darasa zima lilicheka kwa upendo, kisha wakaanza kusema mmoja mmoja. Yupo ambaye bibi yake alitoka Kalemie, ng'ambo Kongo. Yupo wa Mbeya aliyekuja na baba askari. Mji wetu huu umejaa wanawake walioletwa na meli, na garimoshi, na vita, na ndoa. Nenda Kibirizi asubuhi usikilize lugha zinazoshushwa pale pamoja na mizigo. Msomaji mwenzangu anasema kitabu hicho ni cha Boston. Wanafunzi wangu walikiona ni cha Kigoma kabla sijamaliza ukurasa wa pili.

Katika kitabu hichohicho Ashima halitamki jina la mumewe. Si desturi ya mke wa Kibengali kufanya hivyo. Wanafunzi hawakushangaa, hata kwetu wapo wanaosema "baba fulani" mpaka kaburini. Mimi nilishangaa kwa sababu nyingine. Nilikumbuka kwamba Bai hakuwahi kumtaja mumewe kwa jina, na sisi hatukuwahi kumtaja Bai kwa jina, na Bai hakuwahi kumtaja mama yangu kwa jina. "Yaya, leta maji." "Yaya, mtoto analia." Nyumba nzima ile ya wanawake, nani aliitwa jina lake? Bibi mzee labda, na Mungu wake.

Ashima anajifungua hospitalini akiwa hana ndugu hata mmoja wa kike karibu. Anashangaa moyoni, kwa kuwa kwao mwanamke hurudi kwa wazazi kujifungua. Hapo huwa nasitisha kusoma. Mwaka 1961 Bai alishikwa na uchungu usiku, mumewe akiwa Kasulu kwa biashara, mama mkwe hasikii vizuri. Alipiga yowe. Mama alipanda ngazi bila viatu, na mtoto alizaliwa mikononi mwake kabla gari halijapatikana. Mimi nilikuwa na miaka mitatu, nilibaki chini ninalia gizani. Mama anasema alitusikia wote wawili, juu na chini, na ilibidi achague.

Huyohuyo Lahiri ana hadithi fupi kuhusu Bibi Sen, mke wa mwalimu wa chuo, anayelea mtoto wa Kizungu baada ya shule. Anakata mboga akiwa amekaa sakafuni, kwa kisu kikubwa kilichosimikwa kwenye kibao, makali yakimtazama. Wanafunzi hawakuielewa picha hiyo mpaka nilipoazima mbuzi ya nazi kwa jirani wa Ujiji nikaiweka juu ya meza ya mwalimu. Kisu chake si mbuzi, lakini ukaaji ule wa chini, mikono miwili ikipeleka kitu kwenye makali badala ya makali kwenda kwenye kitu, waliuona. Bibi Sen anamuuliza yule mtoto: nikipiga kelele sasa hivi kwa nguvu zangu zote, kuna mtu atakuja?

Msomaji mwenzangu aniambie kama swali hilo halimhusu. Mtaani kwetu ukipiga yowe wanakuja na mapanga, na maji, na wengine na uongo wa kusimulia kesho, ila wanakuja. Kuwa na friji na kutokuwa na wa kuitikia yowe lako ni shida ya kweli. Mwenye foleni ya ndoo hana sababu ya kuidharau.

Brick Lane ya Monica Ali nitaipitia kwa haraka, ingawa wasichana waliipenda kuliko zote. Nazneen anatoka kijijini Bangladesh kuolewa London na mtu mzima kwake sana. Kiingereza alicho nacho ni maneno ya kuomba radhi na kushukuru. Anashona nguo nyumbani kwa malipo ya kipande. Yumo mama mmoja anayekopesha majirani kwa riba huku akijifanya mgonjwa na mcha Mungu, na darasa lilipofika kwake likasema kwa sauti moja, "Kausha damu!" Sikuhitaji kueleza zaidi. Mwishoni mume anarudi Dhaka na Nazneen anabaki London na binti zake. Mjadala wa kama alifanya vizuri uliendelea mpaka bwenini, na matroni akaja kunilalamikia.

Niseme pia lisilonipendeza, maana nisije nikaonekana nauza vitabu. Wanafunzi wetu wanakariri vitini vinavyosema riwaya hizi zinahusu "mgongano wa tamaduni". Wanaandika maneno hayo kwenye mtihani, wanapata alama, wanasahau. Mgongano wa tamaduni ni kitu gani? Bai hakugongana na utamaduni. Aligongana na ngazi zenye giza, na mama mkwe, na mumewe aliyeweka funguo za kabati la pesa kiunoni, na unyevu uliooza nguo zake za harusi sandukuni. Waandishi wazuri wameandika ngazi na funguo. Vitini ndivyo vinavyofuta.

Ila hata waandishi wazuri wana mahali hawafiki, na hapa ndipo ninapotaka kukaa.

Riwaya nyingi kati ya hizi zinamfuata mwanamke kutoka India au Bangladesh moja kwa moja mpaka kwenye baridi. Lakini wapo maelfu waliokwenda mara mbili. Walitoka Gujarat wakaja kwetu, wakajifunza kuita vitu kwa majina ya Kiswahili, wakazaa hapa. Kisha wakang'oka tena. Aprili 1971 serikali yetu ilipitisha sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Sisi wa uwani tulifurahi, siwezi kusema uongo. Kwa mara ya kwanza tulisikia kwamba nyumba ile inaweza isiwe yao milele. Juu walianza kulipa kodi kwa Msajili wa Majengo, ofisi ya serikali iliyosimamia majengo yaliyotwaliwa. Mwaka uliofuata, Agosti, Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90. Redio ilisikika mpaka uwani. Bai alishuka akakaa kwenye kigoda cha mama, jambo ambalo hakuwa amelifanya kabla, akauliza, "Yaya, na huku?"

M. G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi na kukulia Dar es Salaam, ameiandika safari hiyo ya pili. No New Land, ya mwaka 1991, inaifuata familia ya Lalani kutoka Dar es Salaam mpaka Toronto, kwenye jengo refu lililojaa watu wa kwetu. Niliipata kitabu kimechanika jalada, na niliisoma usiku mmoja kama mtu anayesoma orodha ya majina baada ya ajali ya meli. Nilikuwa namtafuta Bai. Nilimtafuta kwa Zera, mke wa Lalani, nikamtafuta kwa kila mama aliyepita kwenye korido.

Kitabu chake cha kwanza, The Gunny Sack cha mwaka 1989, ni gunia la kumbukumbu. Na "gunia" lenyewe ni neno tulilolipata kutoka kwao, kama tulivyopata chapati na bajia na laki. Humo yumo Bibi Taratibu, mwanamke aliyekuwa mtumwa, anayeishi na Dhanji Govindji, Mhindi wa duka, na kumzalia mtoto wa kiume, Huseni. Baadaye Dhanji anaoa mwanamke wa jamii yake. Msimulizi wa kitabu ni wa ukoo wa Huseni, yaani damu ya Taratibu imo ndani ya sauti inayosimulia. Namshukuru mwandishi kwa hilo, wengi wangempita. Lakini nilipomtafsiria mama yangu sehemu hiyo kwa mdomo, umeme umekatika, tochi ya simu juu ya ukurasa, alinikatiza. "Mbona yeye hasemi? Wote wanamsema yeye."

Mama anakaribia miaka 90. Hajui Kiingereza. Amesikiliza riwaya zote hizi kwa sauti yangu, jioni baada ya jioni, na sijapata mhakiki mkali kuliko yeye. Kuhusu Ashima alisema, "Alikosa mtu wa kumchokoza akacheka." Kuhusu Bibi Sen alisema yule mtoto wa Kizungu akikua atamkumbuka, ila hatajua kwamba anamkumbuka. Na kila kitabu alikiuliza swali moja: nani alikuwa anaosha vyombo?

Turudi mwaka 1973. Waliondoka mwezi wa Februari, kwa garimoshi, familia nzima, safari ya Toronto, masanduku yamefungwa kwa kamba za katani. Nilikuwa na miaka 15. Bai alimwachia mama sufuria tatu, kabati la nyavu la kuhifadhia chakula, na kinu kidogo cha shaba na mchi wake, kwa sababu kilikuwa kizito mno kwa ndege. Mchi ule una mbonyeo upande mmoja. Siku ya kilio cha mama yake, habari ilipofika kwa barua miezi miwili baadaye, Bai alitwanga iliki mchana kutwa, na mchi ukagonga ukingo. Hakulia mbele ya watu. Alitwanga tu, na nyumba nzima ilinuka iliki kama ya sikukuu.

Pale stesheni, behewa limeshaanza kupiga kelele, Bai aliinama dirishani na kalamu ya mumewe mkononi. Akasema, "Yaya, jina lako nani? Nataka kuandika juu ya bahasha."

Miaka 17. Mama aliyempokelea mtoto. Nilisimama pale na sare yangu ya shule nikiwa na hasira ambayo mpaka leo, nikiigusa, ina moto. Mama hakukasirika. Alilitamka jina lake polepole, la kwake na la baba yake, kama anamtamkia karani, na Bai akaliandika kwenye kiganja cha mkono, kwa kuwa karatasi haikuwapo. Garimoshi likaondoka na jina la mama yangu kiganjani.

Barua zilikuja. Ziko saba, kati ya 1974 na 1988, karatasi nyembamba za bluu zinazojikunja zikawa bahasha zenyewe. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni, na kilitosha. Katika ya kwanza anasema vidole vinauma kwa baridi na kwenye ngazi za jengo hapiti mtu. Katika ya tatu anasema amenunua kinu, akatwanga iliki usiku, jirani wa chini akagonga dari kwa mti wa fagio. Sasa anaifunga iliki kwenye taulo na kuibana kwa mti wa kusukumia chapati, na haitoi harufu ileile. Anasema muhogo unapatikana, na Wahindi wote kule, hata wasiowahi kuona Afrika, wanauita "mogo" kama tulivyouita jikoni kwetu. Hilo lilimfurahisha mama kuliko yote.

Katika barua ya nne anasema amepata kazi kiwandani, kufunga vitu kwenye maboksi, na amefungua akaunti benki. "Jina langu," ameandika, na amepigia mstari. Hapo ndipo tulipolijua. Mama alilisoma herufi kwa herufi, kwa kidole. Baadaye, katika ya sita, anasema aliugua, akaita usiku, na mumewe akamuuliza anamwita nani. Hakuandika alimjibu nini. Aliandika tu jina la mama, peke yake kwenye mstari, halafu akaendelea na habari za theluji.

Kwa hiyo, ndugu msomaji mwenzangu, vitabu hivyo vinatuhusu. Vinatuhusu kwa sababu mwanamke yule anayelia Toronto anaweza kuwa anaililia Kigoma. Na vinatuhusu kwa sababu vimeandikwa nusu. Upande wa pili wa jikoni ile uko kwetu, kwenye Kiswahili, kwenye vichwa vya wanawake wa rika la mama yangu ambao kila msimu wa mvua tunazika kadhaa. Hakuna profesa wa Marekani atakayeuandika. Hawaijui sahani ya bati ilikaa wapi.

Nina maombi, na ninayatoa kwa moyo wote. Riwaya hizi zitafsiriwe. Paradise ya Abdulrazak Gurnah ilikuwa Peponi mwaka 2022 kwa mkono wa Ida Hadjivayanis, na nimeiona ikisomwa hapa Mwanga na fundi cherehani ambaye hajawahi kusoma riwaya ya Kiingereza. The Gunny Sack inalilia kurudi nyumbani kwa namna hiyohiyo. Nusu ya maneno yake tayari ni yetu. Bibi Taratibu asikike kwa lugha aliyoota ndoto nayo.

Na wasichana wangu, ambao sasa ni walimu na wauguzi na makarani na baadhi yenu mnasoma gazeti hili kila siku: mkae na bibi zenu. Waulizeni walifanya kazi nyumba ya nani, waliitwa nani, walikula wapi. Msiwaandikie upole ambao hawakuwa nao wala ukatili ambao hawakuuona. Na msimwonee Bai. Mimi nilimwonea kwa miaka mingi kwa sababu ya swali lile la stesheni, mpaka nilipogundua kwamba hata mimi, niliyelala uwani kwake miaka 15 na kula chapati zake, sikuwahi kumuuliza lake.

Nimemsomea mama barua hii kabla ya kuituma. Jina lake amelikataza lisitokee gazetini. Amesema jina ni la kuitwa nalo na mtu anayekujua, na Bai analo, inatosha. La Bai nalo amesema si letu kuligawa. Nimetii yote mawili.

Kisha akaniuliza kama gazeti hili linafika Toronto. Nikamwambia siku hizi watu wanasoma kwenye simu, popote walipo. Akanyamaza kitambo, akakivuta kinu kwa mguu mpaka karibu na kiti chake.

"Basi andika," akasema, "kwamba kinu kipo."

Mwalimu mstaafu,
Mwanga, Kigoma